Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu Tunazotazama Chumbageni

Jumamosi baada ya sala ya Isha, wapenda filamu wachache wa hapa Chumbageni, Tanga, hukutana katika ua wa mmoja wetu, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta na kutazama filamu moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuirukisha. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno mengi baada ya filamu kwisha, maswali mengi hunifikia mimi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi. Majibu ni maoni yangu, na wenzangu wasilaumiwe kwayo.

Katika filamu mlizotazama karibuni, ni ipi ambayo mgeni aanze nayo?

Aanze na Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika tamasha la Toronto, Kanada. Chanzo chake ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo wengi waliofika kidato cha tano na cha sita waliisoma kwa ajili ya mtihani, na baadhi yao hawakutamani kuiona tena. Hao ndio ninaowasihi zaidi waitazame, kwa sababu watakutana na watu waliowajua kama majibu ya maswali ya mtihani, sasa wakiwa na nyuso, jasho na woga.

Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza bado wanatawala. Denge ni kijana anayepigania uhuru kwa siri, na Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar asiyeitaka ndoa aliyopangiwa. Kinachonivutia ni kwamba mwongozaji hakuwageuza kuwa wahutubiaji. Mapenzi na siasa vinakwenda pamoja katika vichochoro vya usiku, watu wanazungumza kwa sauti ya chini kama wazungumzavyo watu wenye jambo la kuficha, na kamera ina subira ya kumtazama mtu anayewaza. Kwa mtazamaji aliyezoea filamu ambazo kila hisia husindikizwa na kinanda kinacholia kwa nguvu, dakika za kwanza huenda zikamchosha. Namwomba avumilie, kwa kuwa utulivu huo ndio unaomfanya baadaye aisikie hatari kabla haijafika mlangoni.

Nimeisoma riwaya. Je, filamu inaifuata?

Inaifuata kwa roho zaidi kuliko kwa matukio. Katika riwaya tunamkuta Yasmin akiwa ameshaolewa na Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali, na tunakaa naye katika upweke wa nyumba ile kabla hajapata ujasiri wa kutoka. Katika filamu anakutana na Denge usiku, akiwa njiani kwenda kuolewa. Wapo walionung'unika pale uani kwamba hadithi imekatwa miguu. Mimi naona mwongozaji alifanya uamuzi wa haki: riwaya inaweza kumngoja mtu kwa kurasa nyingi, lakini filamu isiyofika hata saa mbili inahitaji kuwakutanisha wahusika wake mapema ili mtazamaji apate muda wa kuwapenda.

Kitu ambacho filamu inacho na riwaya haiwezi kuwa nacho ni sauti. Mwajuma, yule rafiki wa Yasmin anayeishi mtaa wa Ng'ambo, ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki hasa, na anapokuwa mbele ya kamera huoni mwigizaji anayejifanya kujua nyimbo. Mama mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika shughuli za taarabu za hapa Tanga, alitikisa kichwa mara moja tu na kusema, "Huyu anajua." Sijasikia sifa kubwa zaidi ya hiyo katika ua ule.

Je, kuna filamu iliyotengenezwa mkoani kwetu, au sisi ni wa kutazama tu?

Ipo, na inashangaza jinsi watu wa Tanga mjini wasivyoijua. Aisha, ya mwaka 2015, iliongozwa na Chande Omar na kutolewa na UZIKWASA, shirika lenye makao yake Pangani, ambalo kabla ya hapo lilikwisha kutoa filamu nyingine iitwayo Fimbo ya Baba. Godliver Gordian ameigiza kama Aisha, mwanamke aliyejijenga kimaisha, anayerudi nyumbani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake na huko akafanyiwa ukatili wa kubakwa. Sehemu kubwa ya filamu haihusu tukio lenyewe bali yale yanayofuata: nani anamwamini, nani anataka yaishe kimyakimya ili jina la familia lisichafuke, na nani ana ujasiri wa kusimama naye.

Ninaipenda kwa sababu inawajua watu wake. Yeyote aliyekulia katika vijiji vya pwani hii anaujua uzito wa kikao cha wazee kinachoitwa ili "kuyamaliza ndani", na anajua jinsi maneno ya upole, yenye heshima zote na salamu zote, yanavyoweza kumfunga mtu mdomo kuliko matusi. Filamu iliyotungwa na mgeni ingemweka pale mzee mmoja katili wa kulaumiwa. Hapa wanaomwumiza Aisha mara ya pili ni watu wa kawaida wanaodhani wanafanya hisani, na hilo ni gumu zaidi kulitazama.

Kwa maonyesho ya filamu hii tuliwaomba wazazi wasije na watoto. Ilipokwisha, wanaume walikaa kimya muda mrefu, na mazungumzo yaliyofuata yaliongozwa na kina mama.

Godliver Gordian ameigiza filamu gani nyingine?

Yumo katika Binti ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021 na baadaye ikaingia Netflix, ambako ilitajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kitanzania kupokelewa. Ni hadithi za wanawake wa Dar es Salaam, zilizopangwa katika sehemu zinazogusana. Sehemu ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Tumaini, aliyeigizwa na Bertha Robert, kwa kuwa inaionyesha presha ya madeni bila kelele. Sehemu nyingine hazikunigusa kwa kiwango hicho. Nyumba ni safi mno na nguo zimenyooka mno. Hata hivyo nawaheshimu watengenezaji walioamua kwamba maisha ya mwanamke wa mjini yanatosha kuwa filamu, bila jambazi wala mchawi.

Mbona mnaonyesha filamu za kutisha, na mkasema mnapenda filamu zenye maana?

Swali hili lilikuja baada ya Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka mwaka 2025, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu sijafurahia filamu nyingine hivi kwa muda mrefu.

Hadithi inatokea Mississippi, Marekani, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao kutoka Chicago wakiwa na fedha zisizoulizwa zimetoka wapi, wananunua kiwanda cha zamani cha mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi wanaotumikishwa mashambani. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa kwa namna ambayo baba yake anaiogopa. Usiku ule ule wa ufunguzi, wanyonya damu wanavutwa na muziki huo hadi mlangoni.

Kuna onyesho moja katikati ya filamu ambalo lilitufanya turudishe nyuma na kulitazama tena, kinyume cha utaratibu wetu. Sammie anapiga na kuimba, na polepole ukumbi unajaa watu ambao hawakuwepo: mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, DJ na mashine yake, wachezaji wa ngoma wa Afrika ya kale, hata mcheza opera wa Kichina, kwa kuwa katika mji ule kuna familia ya Wachina. Wote wanacheza muziki mmoja na hakuna anayemshangaa mwenzake. Mimi sijaona filamu iliyoeleza vizuri zaidi kwamba ngoma inarithiwa, na kwamba anayeipiga leo hayuko peke yake.

Kuhusu kutisha, sheria ya filamu hii ni kwamba mnyonya damu haingii ndani mpaka akaribishwe. Mnaweza kukisia ilivyopokelewa katika mji ambao mtoto hufundishwa kupiga hodi kabla hajajua kuandika jina lake. Pale mmoja wa walinzi wa ukumbi aliporudi mlangoni akiwa amekwisha kubadilika, akaanza kusihi aruhusiwe kuingia kwa lugha ya kirafiki, kina mama wote upande wa kushoto walipaza sauti, "Usimkaribishe!" Hawakuhitaji kuelezwa, mtu wa nyumbani anayeng'ang'ania kuambiwa "karibu" badala ya kuingia tu, huyo ana lake jambo. Vilevile Annie, mke wa Smoke, ni mganga wa mitishamba na ndiye aliyemtengenezea hirizi anayoivaa, na filamu inamheshimu: ndiye anayeelewa kwanza kinachotokea na ndiye mwenye maarifa ya kukikabili. Filamu nyingi za kwetu humfanya mganga kuwa kichekesho au shetani. Hapa ni mtaalamu kazini.

Kwa nini filamu ya Kihindi ya saa tatu?

Kwanza, RRR ni ya Kitelugu, si ya Kihindi kile tulichozoea, ingawa wengi waliitazama ikiwa imewekewa sauti za Kihindi. Pili, saa tatu hazikuonekana.

S. S. Rajamouli aliitoa mwaka 2022. Amewachukua wapigania uhuru wawili waliokuwepo kweli katika historia, Komaram Bheem na Alluri Sitarama Raju, akabuni urafiki kati yao katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza. N. T. Rama Rao Jr. ni Bheem na Ram Charan ni Raju. Wanakutana kwa kumwokoa mtoto aliyezingirwa na moto mtoni: mmoja juu ya pikipiki, mwingine juu ya farasi, wamefungana kwa kamba moja wakirukia pande mbili za daraja. Je, jambo hilo linawezekana? Haliwezekani hata kidogo, na mwongozaji anajua kwamba unajua. Ujasiri wake ni kulifanya kwa moyo mmoja, bila kukonyeza jicho. Wimbo wa Naatu Naatu, uliopewa Oscar mwaka 2023, ulipigwa picha mwaka 2021 mbele ya ikulu ya Mariinskyi mjini Kyiv, Ukraine, miezi kadhaa kabla ya vita kubwa kuufikia mji ule. Ukilijua hilo, furaha ya miguu ile juu ya vumbi inapata uchungu ambao watengenezaji hawakuukusudia.

Watu wa Tanga hawahitaji kuhubiriwa kuhusu picha za India. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na miongo mingi kabla ya hapo burudani ya jioni ilikuwa jumba la sinema, kama Majestic ya hapa mjini. Wazee waliotazama Awaara ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951, bado wanaimba nyimbo zake kwa lugha wasiyoizungumza. Mzee mmoja wa aina hiyo alikaa nasi hadi mwisho wa RRR, kisha akatoa hukumu kwamba hii ndiyo picha, kwa sababu steringi ni wawili na wote wamepigwa vya kutosha. Naafiki. Steringi asiyepigwa hana la kutufundisha.

Tutazame zilizotafsiriwa na DJ au zenye maandishi chini?

Ugomvi huu hauishi, nami nina upande, lakini kwanza nitoe haki. Watafsiri wa kibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, wamefanya kazi kubwa. Mtu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa nchi nzima katika kanda na CD, aliwafungulia sinema watu ambao wasingeweza kufuata neno moja la Kiingereza wala la Kichina, na aliongeza utani, methali na majina ya mitaa yetu hadi filamu ikawa ya kwetu. Huo ni usanii, na anayeudharau hajawahi kukaa katika benchi lile na kucheka na umati.

Ila DJ hanyamazi, na hapo ndipo tunapoachana. Filamu nzuri huweka ukimya mahali fulani kwa makusudi, na mtafsiri anauona ukimya huo kama nafasi tupu ya kujaza. Katika onyesho la mlangoni nililolieleza hapo juu, hofu yote inatokana na kumsikiliza yule mtu anavyosihi, sauti yake ikibadilika kidogo kidogo. Maneno ya juu yakilifunika hilo, linabaki jibaba linalobisha mlango. Kwa hiyo katika ua wetu tunatumia maandishi, na kwa wasioyasoma haraka mmoja wetu hukaa nao nyuma na kuwanong'oneza. Kwa filamu za ngumi nakubali DJ, tena kwa furaha.

Kuna filamu ya kutazama na watoto?

Ipo, Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya mwaka 2018, iliyotajwa kwa heshima katika tamasha la Berlin mwaka huo. Jo ni msichana mdogo mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Stycie Waweru anamwigiza Jo bila kuomba huruma yetu, na ndiyo maana anaipata. Watoto walicheka sana. Watu wazima walijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Je, mnaonyesha filamu za matukio ya kweli?

Mara chache, kwa kuwa watu huja kupumzika. Lakini nilisisitiza tutazame Kaburi Wazi ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024, na sijutii. Inazifuata familia mbili, moja ya Songea na nyingine ya Meru, zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa wakati wa utawala wa Wajerumani, ambayo yalichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa tarehe 27 Februari 1906, katika vita vya Majimaji, na hadi leo ndugu zake wanalitafuta fuvu lake.

Nguvu ya filamu hii imo katika mambo madogo ya kiofisi: barua, vikao, maafisa wenye adabu wanaofungua makabati, na ndugu wanaolazimika kuthibitisha kwa wageni kwamba marehemu ni wao. Tulikuwa tukiitazama katika mji ambao Wajerumani waliuanzia reli mwaka 1893, na ambao bado una majengo yao tunayopita kila siku tukiyasifu kwa uimara. Baada ya filamu kijana mmoja aliuliza kama kuna watu wa Tanga pia katika makabati yale. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha. Familia zinachotaka ni mifupa.

Ni kitu gani kinachokuudhi katika Bongo Movie?

Simu. Mhusika anapiga simu, tunamsikiliza upande wake wote, anakata, kisha anamweleza aliyekaa karibu naye yote tuliyokwisha kuyasikia. Baada ya hapo gari linatoka getini, tunalisindikiza hadi linapokwenda, linaingia geti jingine. Desturi hii ilikuwa na sababu yake: filamu iliuzwa ikiwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na CD yake, kwa hiyo hadithi ya saa moja ililazimika kunyooshwa ili ijaze zote mbili. Siku hizi CD zimekwisha sokoni na filamu zinatazamwa kwenye simu na ving'amuzi, lakini gari bado linatoka getini.

Jambo la pili ni sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, hasamehi maneno asiyoyasikia. Ningekuwa na fedha za kumpa mtengenezaji chipukizi, ningemnunulia maikrofoni nzuri na kumnyima kamera mpya.

Waigizaji siwalaumu. Tunao waigizaji wa kiwango cha juu, wanaopewa maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyasema nyumbani kwake.

Kiingilio ni kiasi gani, na filamu mnazipata wapi?

Hakuna kiingilio, anayeweza huchangia mafuta ya jenereta kwa siku ambazo umeme umekatika. Filamu tunazitazama kwa njia halali kila inapowezekana, kwa kulipia huduma za mtandaoni au kuwaomba ruhusa watengenezaji wenyewe, ambao mara nyingi hufurahi kuombwa. Tafadhali msituletee flashi zenye filamu za Kitanzania zilizonakiliwa. Nakala ya wizi ya filamu ya Marekani ni kosa pia, lakini ile ya Kitanzania inamnyima mtu tunayeweza kukutana naye kwenye basi la Dar es Salaam.

Ninaweza kupendekeza filamu?

Karibu, kwa sharti moja: uwe umeitazama hadi mwisho, na uwe tayari kusimama mbele ya watu na kueleza kwa nini waitoe Jumamosi yao kwa ajili yake. Kwa sasa tunatafuta nakala nzuri ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ambayo ndiyo filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Anayejua inakopatikana kihalali aje amwone mwenye projekta, mapema kabla ya Isha, kwa sababu akishaanza kuunganisha nyaya hamsikilizi mtu.